Nani Amlee Mtoto Aliyekimbia?

Husemwa kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii hutolewa kila mtu anapotaka kuwanyamazisha wale wasiosumbuliwa na jambo linalomsumbua yeye. Nayo ina nguvu, kwa sababu hapana awezaye kuijibu. Lakini ukiitazama vema utaona upungufu wake. Maiti aijuaye adhabu hiyo hawezi kumfunza mtu neno lolote juu yake. Kujua ni jambo moja, na kuweza kumfaa mwenzako kwa kile ukijuacho ni jambo la pili. Ningependa kuupima umbali uliopo kati ya mambo hayo mawili, na mfano niliouchagua ni ule ambao sisi tukaao katika Bonde la Ufa hatuwezi kusema kwamba hautuhusu. Mtoto mdogo, wa miaka mitatu au minne au mitano, amefukuzwa kwao pamoja na jamaa zake, au bila wao, akafikishwa mahali pageni. Ni nani afaaye kukaa naye mchana kutwa: mtu aliyesomea malezi lakini hajapata kulala nje hata usiku mmoja, au mtu ambaye yeye mwenyewe alipata kufukuzwa? Na ikiwa ni huyo wa pili, je, ana wajibu wa kukubali?

Mgeni apitaye Subukia kwa barabara itokayo Nakuru kwenda Nyahururu huona bonde la kijani lililolala chini ya kuta za milima, mashamba ya mahindi, ng'ombe wa maziwa, na mabati yang'aayo juani. Mahujaji wajao kutoka pembe zote za Kenya kuzuru kituo cha Bikira Maria hurudi makwao na chupa za maji na sifa za utulivu wa mahali. Sifa hizo si za uongo. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ya hapa ilitetemeka kwa nguvu kuliko tetemeko lolote lililopata kupimwa nchini, hata ikapasuka. Lakini si ardhi iliyowahamisha watu wa sehemu hizi. Wanadamu ndio waliowahamisha wanadamu.

Orodha yake ni ndefu. Mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa la kati wakapelekwa Laikipia, na kati ya 1911 na 1913 wakaondolewa huko pia wakapelekwa kusini. Walowezi wakachukua mahali pao, na maskwota wakaja kuyalima mashamba ya walowezi. Watu wa Olenguruone walifukuzwa mnamo 1949 na 1950, wengi wakapelekwa Yatta. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu ya Wakikuyu waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya Bonde la Ufa walipakiwa katika malori na magari ya moshi wakarudishwa katika maeneo yaliyoitwa makwao, ijapokuwa wengi miongoni mwao walizaliwa huku huku na hawakupata kuyaona hayo makwao. Uhuru ulipokuja, mashamba yaligawanywa na kuuzwa, na watu wakadhani kwamba kuhamahama kumekwisha. Kisha yakaja mapigano ya kikabila ya tangu 1991 hadi 1993, Molo na mahali pengine pengi. Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, na katika majuma machache yaliyofuata watu zaidi ya 1,100 walikufa na zaidi ya 600,000 waliacha nyumba zao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru, ambapo watu walizoea kwenda kutazama mafahali walioshinda, ukawa mji wa mahema.

Kwa hivyo aliyepata kufukuzwa si mtu wa nadra katika nchi hii. Mwanafunzi ausomaye ukurasa huu, akiwa Subukia au Njoro au Naivasha, na aulize nyumbani. Aghalabu atampata bibi, au baba mdogo, au jirani wa ng'ambo ya ua, ambaye anakumbuka mkono wa nani ulimshika siku ile ya kukimbia. Ujuzi upo tele. Jambo tusilolijua ni namna ya kuutumia pasipo kumdhuru yule aliye nao.

Sheria hutenganisha mkimbizi aliyevuka mpaka wa nchi na yule aliyekimbia ndani ya nchi yake, na Kenya ilitunga sheria kwa ajili ya hawa wa pili mwaka 2012. Sheria ina haki ya kuwatenganisha. Lakini mtoto wa miaka minne haujui mpaka wa nchi. Aujua mpaka wa ua wa kwao, na ukisha kuvukwa huo kwa mbio, usiku, habari nyingine zote kwake ni moja.

Na sasa tutoke Subukia kwa kitambo kidogo, kwa kuwa mfano ulio wazi kupita yote niujuao ulitokea mbali. Mwaka 1945, Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, watoto sita wa Kiyahudi, watatu wa kiume na watatu wa kike, waliletwa Uingereza kutoka kambi ya Wanazi iliyoitwa Theresienstadt. Walikuwa wa umri wa miaka mitatu au karibu yake. Wazazi wao waliuawa, na watoto hao walikuwa wameingizwa kambini wakiwa bado wachanga, hata hawakuwa na kumbukumbu ya nyumba yoyote nyingine. Walipelekwa katika nyumba moja ya mashambani iliyoitwa Bulldogs Bank, katika jimbo la Sussex. Siku za kwanza walivunja vitu vya kuchezea na kuharibu samani. Waliwapiga na kuwauma watu wazima, au waliwapita kama kwamba hawapo. Waliwaogopa mbwa kupita kiasi. Lakini wao kwa wao hawakuwa na wivu. Mezani, kumpa mwenzake chakula kulikuwa jambo kubwa kwa kila mmoja kuliko kula chake mwenyewe, na wakitenganishwa hata kwa muda mfupi walifadhaika.

Wataalamu wamelisoma tukio hili kwa ajili ya upendo wa ajabu wa watoto wale. Mimi hunivuta zaidi watu ambao wasimulizi huwapita upesi, yaani wanawake wawili waliokaa na watoto hao mwaka mzima. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, Sophie na Gertrud Dann, Wayahudi wa Ujerumani waliokimbilia Uingereza kabla ya vita. Mkuu wa kazi hiyo, Anna Freud, naye alikuwa mkimbizi. Alitoka Vienna mwaka 1938. Watoto wale walisema Kijerumani, na Kijerumani ndicho walichokitumia kutukana. Akina Dann walilielewa kila tusi. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini mtoto atukanaye na asieleweke yu peke yake mara mbili.

Tena angalia mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza, akina Dann hawakuokotwa njiani kwa sababu tu walikuwa wakimbizi. Walikuwa wamefanya kazi katika nyumba za watoto ambazo Anna Freud alizianzisha London wakati wa vita. Walijua kumwogesha mtoto, kumlisha, kumtazama, na kuandika walichokiona. La pili, taarifa ya kazi yao ilipochapishwa mwaka 1951, jina la Sophie Dann liliandikwa pamoja na la Anna Freud. Hakuandikwa kama mtu aliyehojiwa. Aliandikwa kama mtu aliyefanya kazi na kuifikiri. Katika mambo yote niliyoyasoma juu ya msaada kwa watoto waliokimbia, nimeona mara nyingi jambo la kwanza likisahauliwa, na la pili karibu kila mara.

Ni kitu gani basi akijuacho aliyefukuzwa ambacho mwingine hakijui? Watu husema kwamba anajua uchungu. Nadhani hilo ni neno la juu juu. Uchungu hata mfiwa anaujua, na mgonjwa, na aliyefeli mtihani wake wa mwisho. Aliyefukuzwa anajua mambo madogo madogo yasiyo na jina. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kupanga somo, kutengeneza vifaa vya kuhesabia, na kumkalisha mbele mtoto asiyeona vizuri. Hakuna aliyetwambia maana ya mtoto alalaye na viatu.

Katika shule moja ya chekechea hapa Subukia palikuwa na mama msaidizi ambaye alikaa katika hema miezi mingi mwaka 2008. Aliletwa shuleni hapo mtoto wa kiume ambaye jamaa zake walikimbia ghasia za Ol Moran, huko Laikipia, mwaka 2021, nyumba zilipochomwa. Kila mchana, watoto walipolazwa mikekani, mtoto huyo alikataa kuvua viatu. Walimu walimbembeleza, kisha wakamkemea, maana mikeka ilichafuka. Mama yule hakumbembeleza wala hakumkemea. Alipiga magoti akailegeza kamba ya viatu, basi, akaondoka. Siku ya pili akafanya vivyo hivyo. Alijua kwamba alalaye na viatu yu tayari kukimbia, na kwamba mtu aliye tayari kukimbia huoni faida ya kumwambia kwamba hapana hatari; yeye anajua kwamba waliolala pekupeku usiku ule ndio waliokanyaga miiba. Majuma kadhaa yalipita kabla mtoto hajavivua mwenyewe, na hata hapo aliviweka chini ya kichwa chake.

Mwingine angeweza kuyajua hayo kwa kusoma, nami sikatai. Lakini mama yule hakuwa na haja ya kukisia.

Walakini kuna methali ya pili ambayo ni lazima tuiweke kando ya ile ya kwanza: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni kweli. Lakini wako watu waliolala juu ya kunguni miaka kumi, na wakiulizwa dawa yake husema kwamba kunguni hawaui mtu. Hapa pana hatari ambayo watetezi wa jambo hili hawapendi kuitaja. Mateso hayamfanyi kila mtu kuwa mpole. Wengine huwafanya wagumu. Katika nyumba nyingi za bonde hili yuko mzee ambaye, akimwona mjukuu analia kwa kukumbuka moto, humwambia, "Sisi tulipakiwa kama ng'ombe mwaka 1953, tukafika tusikokujua, tukala mizizi, na hatukulia. Nyamaza." Mzee huyo hasemi uongo, wala hakosi upendo. Njia aliyopona kwayo yeye ni kunyamaza, na kwa kuwa alipona anadhani ndiyo njia. Anampimia mtoto kanzu kwa mwili wake mwenyewe. Aliyefukuzwa huelekea kosa hili kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu hakuna awezaye kumkosoa. Akiambiwa, hujibu kwa methali ya maiti.

Kwa hivyo sikubaliani na wale wasemao kwamba kupata mateso kunatosha kuwa cheti. Mtu aliyefukuzwa apewe mafunzo kama mwingine, tena pengine zaidi, si kwa kuwa hajui bali kwa kuwa anajua sana jambo moja, naye anahitaji kujifunza kwamba jambo hilo lina sura nyingi. Ajifunze kwamba mtoto wa kwanza hunyamaza, wa pili hupiga, wa tatu hucheka ovyo na kuwa mzuri kupita kiasi, na kwamba huyu wa tatu asisahauliwe. Apewe pia mtu wa kuzungumza naye jioni, kwa maana atakuwa amesikia tena mchana sauti alizojitahidi kuzisahau. Mama wa viatu aliniambia kwamba siku nyingine akifika nyumbani hupitia zizini kwanza, akasimama na ng'ombe kidogo, ndipo aingie kwa watoto wake. Ikiwa ng'ombe ndiye mshauri wa pekee tuliyempatia, hatuna budi kuona haya.

Nasasa nije katika swali la wajibu, ambalo ndilo gumu. Katika mikutano husikika maneno kama haya: wewe ulipitia hayo, basi ni juu yako kuwasaidia hawa wanaoyapitia. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, na huonekana kuwa ya heshima. Lakini tuyapime. Mtu alinyang'anywa nyumba, na mifugo, na pengine mtoto. Baadaye tunamwambia kwamba kwa sababu ya kunyang'anywa huko anadaiwa. Anadaiwa na nani? Hakukopa kitu. Kama kuna mdaiwa hapa, ni yule aliyelala kitandani kwake usiku uleule mwenzake alipokuwa akikimbia. Huyo ndiye aliyebaki na nguvu zake, na shamba lake, na utulivu wa moyo; na vyote hivyo ni vitu ambavyo mtoto mkimbizi anavihitaji. Wajibu wa kumlea mtoto aliyekimbia ni wetu sote, na unatulemea zaidi sisi ambao hatukukimbia.

Kile alicho nacho aliyefukuzwa ni haki. Ana haki ya kuulizwa kabla ya mambo ya watoto hao kuamuliwa; haki ya kusikilizwa anaposema kwamba saa ya kulala ibadilishwe, au kwamba lori la unga lisiingie uani watoto wakiwa wanacheza; haki ya kupewa kazi hiyo akiitaka na akiiweza; na haki ya kusema, "La, mimi siwezi, nataka kuuza mboga zangu na kusahau," pasipo mtu kumwona mchoyo. Ukiyageuza haya yawe deni, utapata wasaidizi wengi waliochoka na wenye uchungu. Ukiyaacha yawe haki, utapata wachache, lakini hao watakuwa wamekuja kwa miguu yao.

Haki hii haikamiliki bila mshahara. Afrika ya Mashariki ina mifano ya zamani ya wakimbizi kufundisha watoto wao wenyewe. Tengeru, karibu na Arusha, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watoto wa Kipolandi waliopitia Siberia na Uajemi walifundishwa na walimu wakimbizi wenzao. Mazimbu, karibu na Morogoro, wakimbizi wa Afrika Kusini walifungua shule yao mwaka 1978, katika ardhi waliyopewa na serikali ya Tanzania. Na Kakuma, katika Turkana, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 walipofika vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia, wakubwa wakiwaangalia wadogo njiani, walimu wengi wamekuwa wakimbizi wenyewe. Lakini walimu hao wa kambini wamelipwa kidogo sana, chini mno ya mshahara wa Mkenya afanyaye kazi ileile katika darasa la pili yake. Hapo sifa huwa nyingi. Husifiwa kwamba wanawaelewa watoto kuliko mtu yeyote. Ikiwa ndivyo, basi ujuzi wao ni wa thamani, na kitu cha thamani hulipiwa. Nchi ambayo ingemlipa mhandisi nusu ya mshahara kwa sababu anaupenda mto anaoujengea daraja ingechekwa na watu.

Limebaki jambo moja, nalo nimeliweka mwisho kwa kuwa sina hakika kwamba nitalisema vizuri. Tunaposema "mtu aliyepata kufukuzwa", kila mmoja wetu humwona machoni pake mtu wa kabila lake. Lakini katika majuma yale ya mwaka 2008 watu wa kabila moja walifukuzwa upande huu wa bonde, na mwishoni mwa Januari, katika Nakuru na Naivasha, watu wa makabila mengine walifukuzwa upande ule. Hema zilifanana. Kwa hivyo yawezekana sana kwamba mlezi mwenye ujuzi, aliyefunzwa, aliye radhi, na ajuaye maana ya viatu, ni mtu wa kabila la wale waliomfukuza mtoto. Je, apewe mtoto huyo?

Wengi watasema hapana, na sababu yao si ya kudharauliwa. Mtoto husikia lafudhi kabla ya kusikia maneno. Sauti ya mlezi peke yake yaweza kumrudishia usiku ule. Lakini fikiri pia juu ya mlezi wa kabila lake mwenyewe. Siku moja mtoto atamuuliza, "Nani aliichoma nyumba yetu?" Watoto wote huuliza, na huuliza wakati wa uji, si wakati tuliojitayarisha. Mlezi ambaye jeraha lake halijapona ana jibu tayari, la neno moja, jina la kabila, na mtoto atalimeza pamoja na uji, akakua nalo. Nami naamini kwamba kumpa mtoto wa miaka minne jibu hilo ni kumfukuza mara ya pili, kwa maana unamwondolea majirani wote atakaoishi nao maisha yake yote. Mlezi wa kabila lile jingine hawezi kulitoa jibu hilo. Atalazimika kusema, "Watu wabaya waliichoma, na yangu waliichoma wengine." Hayo nayo ni maneno mazito kwa mtoto, lakini yana mlango.

Hata hivyo uamuzi huu si wa kamati, wala si wa mwalimu mkuu, wala si wa mtu aandikaye insha. Ni wa mama wa mtoto, au yeyote aliye badala yake, ambaye naye alikimbia usiku uleule na ana viatu vyake mwenyewe ambavyo hajavivua. Aitwe, aonyeshwe mlezi, akae naye siku mbili tatu jikoni pa shule wakimenya viazi. Akikataa, asisukumwe wala asihubiriwe, na mtoto apewe mlezi mwingine. Kisha, mahindi yakisha kuvunwa, aulizwe tena.